Wasomaji Wapo, Maoni Hayapo: Kutafuta Chanzo cha Ukimya katika Blogu na Magazeti ya Mtandaoni

Malalamiko yanayosikika mara kwa mara kutoka kwa wenye blogu na wahariri wa magazeti ya mtandaoni ni kwamba makala zinasomwa lakini hakuna anayejibu. Takwimu zinaonyesha mamia ya watu waliofungua ukurasa, ilhali chini ya makala pako patupu, au pana tangazo la mganga anayeahidi kumrudisha mpenzi aliyeondoka. Wengi hukimbilia kusema kwamba wasomaji wetu ni wavivu wa kuandika. Lawama hiyo haina msingi, kwa sababu watu haohao hukesha wakiandikiana katika magrupu ya WhatsApp. Uchunguzi wa maana huanza kwenye mitambo, ukaja kwenye tabia za mwenye blogu, na kumfikia msomaji mwisho kabisa, kwa kuwa hitilafu ya mtambo hurekebishwa kwa dakika chache, na ni aibu kutumia miezi kubadili mtindo wa uandishi wakati kisanduku cha maoni kilikuwa kimefungwa.

Kwanza ni vyema kuhakikisha kama kweli kuna tatizo. Mwaka 2006 mtaalamu wa matumizi ya tovuti Jakob Nielsen alieleza kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni takriban asilimia 90 ya watu husoma tu, asilimia 9 huchangia mara mojamoja, na asilimia 1 ndio wanaoandika sehemu kubwa ya yote yanayoandikwa. Kuhusu blogu alisema pengo hilo ni kubwa zaidi. Kwa kipimo hicho, makala iliyosomwa na watu 300 na kupata maoni mawili haina ugonjwa wowote. Tatizo lipo pale maelfu wanaposoma na asitokee hata mmoja, au pale sauti zilizokuwapo zinapopungua bila sababu inayoonekana.

Dalili: hakuna maoni hata moja, na hali imekuwa hivyo kwa muda mrefu

Jaribio la kwanza lisifanyike kwa kompyuta ya mhariri. Kivinjari chake kinamtambua kama msimamizi, na msimamizi hupita kwenye milango ambayo mgeni hufungiwa. Azima simu ya bei nafuu ya mtu asiyehusika na blogu, zima Wi-Fi, tumia bando la kawaida, fungua makala ya miezi mitatu iliyopita, kisha andika maoni ya sentensi mbili na uyatume. Yatakayotokea katika hatua hizo yanaeleza mengi kuliko ripoti yoyote ya takwimu.

Huenda ukakuta kisanduku cha maoni hakipo. Katika WordPress, programu inayoendesha blogu nyingi, kuna mpangilio unaofunga maoni kwenye makala za zamani, na namba inayokuwa imeandikwa tayari ni siku 14. Aliyeuwasha mpangilio huo alikusudia kuzuia maoni taka, ila hakuzingatia kwamba makala za mafunzo, afya, kilimo na historia husomwa zaidi na watu wanaozifikia kupitia Google miezi mingi baada ya kuchapishwa. Wasomaji wako wengi, kwa hiyo, wanafika wakati mlango umeshafungwa.

Huenda kisanduku kipo lakini kinadai akaunti. Msomaji aliyetaka kuandika sentensi moja anaombwa jina, barua pepe, nenosiri, na uthibitisho unaotumwa kwenye barua pepe ambayo hajaifungua tangu aliponunua simu. Hapo huachana na jambo lenyewe. Jina la kujichagulia linatosha. Barua pepe ifanywe hiari.

Huenda pia maoni yakapokewa na kisha yasionekane. Hali hii ina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa nje. Cha kwanza ni kwamba WordPress, kwa mpangilio wake wa kawaida, humzuia kila mchangiaji mpya hadi maoni yake ya kwanza yaidhinishwe. Kama barua pepe ya kumjulisha msimamizi haifiki, maoni hukaa kwenye foleni na mwenye blogu anaendelea kulalamika kwamba watu wamenyamaza. Cha pili ni kichujio cha maoni taka. Vichujio hukosea, na maoni yenye viungo viwili au zaidi huwekwa kando hata kama mwandishi wake alikuwa akikuletea ushahidi wa maana. Akismet, kichujio cha maoni taka kinachotumiwa na blogu nyingi za WordPress, hufuta kabisa maoni taka yaliyopita siku 15, kwa hiyo folda hiyo ikaguliwe kila wiki na isisubiri mwisho wa mwezi. Cha tatu ni nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa ili blogu ifunguke haraka: maoni yamekubaliwa, lakini wageni wanaendelea kuonyeshwa ukurasa wa juzi. Dawa yake ni kuuelekeza mfumo huo ufute nakala ya ukurasa kila maoni mapya yanapoidhinishwa.

Jambo la mwisho katika jaribio hili ni uzito wa ukurasa. Kama simu ile ya kuazima ilichukua muda mrefu kufungua matangazo na video inayojicheza yenyewe kabla ya kufika kwenye maoni, usitafute sababu nyingine. Anayenunua bando la siku hatalimaliza kwa ajili ya kukupongeza.

Dalili: maoni yalikuwapo, yakapungua kidogo kidogo

Mitambo ikishathibitishwa kuwa mizima, upungufu wa polepole una maelezo mawili, na mara nyingi yote mawili ni ya kweli kwa pamoja.

La kwanza ni kwamba mazungumzo hayakufa, bali yalihama. Makala yako inatumwa kwenye grupu la ukoo, la wanakwaya, la waliosoma pamoja, na huko inajadiliwa kwa ukali na utani ambao wewe huuoni. Dalili yake katika takwimu ni wingi wa wageni wanaoitwa wa moja kwa moja, yaani wasiojulikana walikotoka, kwenye makala ndefu yenye anwani ambayo hakuna mtu angeweza kuiandika kwa mkono. Viungo vinavyobofywa ndani ya WhatsApp kwa kawaida haviachi alama ya vilikotoka, kwa hiyo ongezeko la ghafla la wageni wa aina hiyo ni ishara nzuri kwamba makala imeingia kwenye magrupu. Kujaribu kuwarudisha watu kwa nguvu hakufai kitu. Kinachofaa ni kuweka namba ya WhatsApp ya chumba cha habari mwishoni mwa makala, kupokea yanayosemwa huko, na kwa ridhaa ya aliyesema, kuyaingiza kwenye makala inayofuata. Msomaji akiona sentensi yake imechapishwa, hata bila jina lake, anajua kwamba upande wa pili kuna mtu.

Maelezo ya pili ni kwamba wasomaji waliandika, hawakujibiwa, wakajifunza. Hili ndilo lililoenea kuliko yote, nalo halionekani kwenye takwimu yoyote. Rudi kwenye makala 20 zilizopata maoni mwaka uliopita na uhesabu ni maswali mangapi ya wasomaji yalijibiwa na mwandishi mwenyewe. Magazeti ya mtandaoni hufanya vibaya hapa kuliko blogu za mtu mmoja, kwa sababu mwandishi huona kazi yake imekwisha makala inapotoka, na mhariri huona maoni ni kazi ya kijana wa mitandao ya kijamii, ambaye naye hana majibu ya swali la bajeti ya halmashauri.

Jibu halihitaji kuwa refu. Tuchukue mfano wa msomaji anayeandika: “Ndugu mwandishi, habari za kazi. Hiyo picha uliyoweka si ya soko la Kilombero, ni ya Tengeru. Mimi nauza hapo.” Jibu linalojenga ni hili: “Ahsante sana ndugu yetu, umesema kweli. Picha tumeibadilisha saa nane mchana na chini ya makala tumeandika kwamba ilikosewa. Kwa kuwa uko hapo sokoni, debe la nyanya limefika shilingi ngapi wiki hii?” Jibu hilo limekubali kosa bila kujitetea, limeonyesha kilichobadilishwa na saa yake, na limemrudishia msomaji heshima ya mtu anayejua jambo. Jibu linaloua ni “Noted”, au kusahihisha kimyakimya na kufuta maoni yake, jambo ambalo wahariri hulifanya kwa kuona haya na wasomaji hulitafsiri kuwa ni kiburi.

Hapa pia ndipo pa kutazama namna unavyouliza. Swali la “Je, una maoni gani?” mwishoni mwa kila makala limechosha hata macho, na halijibiki, kwa sababu linamtaka msomaji atunge insha. Kama makala inahusu nauli za daladala, uliza hivi: “Kama ulipanda kutoka Mbagala kwenda Kariakoo asubuhi ya leo, ulilipa shilingi ngapi, na je, kondakta alikupa tiketi?” Anayeweza kujibu hilo kwa maneno sita atajibu, na majibu 40 ya namna hiyo ni habari mpya kabisa ambayo mwandishi asingeipata akiwa mezani.

Nguvu ya ombi mahususi ilionekana wazi nchini Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, mwanasheria Ory Okolloh aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit alipokea taarifa za vurugu kutoka kwa wasomaji wake, na mapema Januari 2008 akaomba mafundi wa programu wajitokeze kutengeneza ramani ya matukio hayo. Waliojitokeza ndio walioizaa Ushahidi, jukwaa ambalo baadaye lilitumika katika nchi nyingine nyingi. Wasomaji wale waliambiwa wazi kinachohitajika, na waliokuwa na ujuzi huo wakajitambua.

Dalili: watu hawaandiki hadharani, lakini wanatuma ujumbe wa faragha

Ukipokea ujumbe mwingi unaoanza na “naomba usinitaje jina”, chanzo ni hofu, na hofu hiyo ina sababu zake. Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Mwezi Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la majadiliano la JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa kuhusiana na kutotoa taarifa za watumiaji zilizotakiwa na polisi. Na Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kuwa na leseni, hali iliyoifanya JamiiForums isimamishe huduma zake kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Kenya nayo ilipata sheria yake ya makosa ya mtandao mwaka 2018. Mtumishi wa umma anayesoma makala yako kuhusu shule ya kata anayajua haya, hata kama hawezi kutaja kifungu.

Mwenye blogu hawezi kubadili sheria, lakini anaweza kupunguza anachokihifadhi. WordPress huhifadhi anwani ya mtandao (IP), yaani namba inayotambulisha kifaa au mtandao wake, ya kila anayetoa maoni pamoja na barua pepe aliyoiandika, na blogu nyingi zinazo taarifa hizo za miaka kumi bila mwenyewe kujua. Taarifa hizo zikishapitwa na matumizi ziondolewe, na ukurasa wa maoni ueleze kwa lugha nyepesi ni nini kinahifadhiwa na kwa muda gani. Hilo pia linaendana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Zaidi ya hapo, ikubali faragha kama njia halali ya mawasiliano: maoni ya msomaji aliyeandika faraghani yanaweza kuchapishwa kwa maelezo ya jumla tu, kama vile “mwalimu mmoja wa shule ya msingi”, bila kutaja wilaya.

Dalili: maoni ni mengi, lakini ni matusi, na wenye hoja wameondoka

Tatizo hili ni la vyombo vikubwa na vidogo. Gazeti la The Guardian la Uingereza lilichunguza maoni milioni 70 yaliyoachwa kwenye tovuti yake na kutoa matokeo mwaka 2016: kati ya waandishi wake kumi walioshambuliwa zaidi, wanane walikuwa wanawake na wawili waliosalia walikuwa wanaume weusi. Wengine waliamua kufunga mlango. Jarida la Popular Science lilifunga maoni mwaka 2013, shirika la habari la Reuters kwenye habari zake mwaka 2014, na redio ya umma ya NPR ya Marekani mwaka 2016. Katika nchi za Ulaya lipo pia suala la dhima, kwa kuwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2015 ilikubali kwamba tovuti ya habari ya Delfi nchini Estonia iwajibishwe kwa maoni ya chuki yaliyoandikwa na wasomaji wake.

Kufunga maoni si dhambi kwa gazeti lisilo na mtu wa kuyasimamia, na ni afadhali kuliko kuacha matusi chini ya jina la mwandishi wa kike usiku mzima. Hata hivyo, kabla ya hapo kuna hatua za kujaribu. Angalia matusi huingia saa ngapi. Kama ni baada ya saa nne usiku, wakati msimamizi amelala, maoni yafunguliwe asubuhi na kufungwa jioni. Angalia pia kama kichwa cha habari ndicho kinachochokoza, maana mhariri anayeandika kichwa cha kuwasha moto hana haki ya kushangaa moshi. Mwaka 2017 NRKbeta, kitengo cha teknolojia cha shirika la utangazaji la Norway, kilijaribu utaratibu wa kumtaka msomaji ajibu maswali machache kuhusu makala kabla ya kuruhusiwa kutoa maoni, ili walioishia kwenye kichwa cha habari wasitangulie. Utaratibu huo unafaa kwa makala moja moja zenye utata. Kuuweka kwenye kila makala kutawafukuza hata walio wema.

Dalili: barua pepe ya wiki inatumwa kwa wasomaji, lakini haifunguliwi

Angalia kwanza kama inafika. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinawataka watumaji wathibitishe barua zao, na kwa anayetuma barua nyingi (kwa Gmail, zaidi ya 5,000 kwa siku) masharti ni makali: awe na SPF, DKIM na DMARC, yaani mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kwake kweli, kwenye kikoa chake (jina la tovuti yake), aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Kosa la kawaida la blogu ndogo ni kutuma barua kwa wasomaji mia kadhaa kupitia huduma ya nje huku anwani ya mtumaji ikiwa ya gmail.com, uthibitisho hushindwa, barua huangukia kwenye taka. Tumia anwani ya kikoa chako mwenyewe. Barua ikizidi kilobaiti 102, Gmail huikata, na kiungo ulichokiweka mwishoni hakionekani hadi msomaji aombe kuiona yote.

Takwimu za kufunguliwa nazo zisiaminiwe sana. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za barua kabla mtu hajaitazama, na hivyo kuihesabu kuwa imefunguliwa. Kipimo kinachoaminika zaidi ni idadi ya wanaojibu, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu barua yao imetumwa kutoka anwani isiyopokea majibu.

Dalili: matangazo ya WhatsApp hayawafikii watu

Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list), inayotuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa pamoja, ina kikomo cha watu 256, na ujumbe wake humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Msomaji aliyekupa namba yake bila kuhifadhi ya kwako hapati chochote, wala wewe huoni kosa lolote. Ujumbe wa kwanza unaomkaribisha msomaji umwombe ahifadhi namba. Chaneli za WhatsApp, zilizoanza mwaka 2023, hazina kikomo hicho, lakini zimeundwa kwa ajili ya kutangaza: mfuasi anaweza kuweka alama ya hisia au kupiga kura, hawezi kuanzisha mjadala. Anayehamishia kila kitu kwenye chaneli na kisha kulalamikia ukimya ameuchagua mwenyewe.

Dalili: yote yamekaguliwa, na bado kimya

Zipo makala ambazo ukimya ndiyo tabia yake. Anayetafuta namna ya kuomba cheti cha kuzaliwa husoma, hupata alichotaka, akaenda zake. Shukrani yake ni kurudi siku akihitaji kingine, na hilo huonekana kwenye idadi ya wanaorejea. Makala za aina hiyo zisipimwe kwa maoni.

Kwa zilizobaki, hatua ya mwisho ya uchunguzi ni kupiga simu. Chagua wasomaji wachache kati ya waliowahi kuandika na sasa hawaandiki, waombe dakika tano kwa adabu, na usiwaulize kama wanaipenda blogu, kwa kuwa watasema ndiyo kwa ustaarabu. Waulize ni lini mara ya mwisho walisoma kitu hapo wakatamani kusema neno, neno lenyewe lilikuwa lipi, na walilisema wapi badala yake.